Barua kwa mwanangu aliyeuliza kati ya Kiswidi na Kijapani ipi ni rahisi

Mwanangu mpenzi,

Huku hatujambo sote, mguu wa baba yako unaendelea vizuri na mvua zimeanza. Ujumbe wako nimeusoma zaidi ya mara moja. Una mwaka mmoja na ada ya kozi moja, na unataka nikuambie kati ya Kiswidi na Kijapani ni ipi iliyo rahisi. Umeniuliza mimi kwa sababu unakijua Kiswidi changu cha chuoni, na Kijapani cha baba yako cha majarubani. Nitakujibu, ila sina hakika kama nitajibu hicho ulichouliza.

Kwa anayehesabu sheria tu, Kiswidi ni chepesi. Kitenzi hakina habari na mtendaji: jag äter, du äter, vi äter, mimi, wewe na sisi sote tunakula kwa neno lilelile. Herufi ni hizihizi zetu na tatu za ziada, å, ä na ö. Kiingereza chako cha sekondari nacho kitakubeba, maana hus ni nyumba na bok ni kitabu. Ngeli zao ni mbili basi, en na ett. Niliposikia mbili nilifurahi: mtu aliyekulia kwenye M-WA na KI-VI atashindwa na mbili? Zilinishinda. Kiti chetu kinajitangaza chenyewe kwa ki- yake. Nomino ya Kiswidi haikuonyeshi chochote. Uikariri na en yake au ett yake tangu siku ya kwanza, la sivyo itakuumbua.

Mimi iliniumbua kwa mkate. Habari hii unaijua nusu. Vyuo vyetu vya Maendeleo ya Wananchi vilianza mwaka 1975 kwa kufuata mfano wa folkhögskola, vyuo vya wananchi watu wazima vya Sweden, na baadhi ya vyuo vya huku na vya huko vilibaki na urafiki. Ndivyo nilivyopata zile wiki sita mwaka 1991. Miezi minane kabla ya safari nilisoma kila usiku, wewe ukiwa mgongoni. Wiki ya kwanza, theluji ikiwa magotini, nikatembea hadi duka la mikate nikiirudia sentensi yangu njia nzima: Jag skulle vilja ha ett bröd, ningependa mkate mmoja. Nilipofika mbele ya muuzaji ulimi ukateleza, nikasema en bröd. Binti yule akatabasamu, akanijibu kwa Kiingereza. Nikarudia kwa Kiswidi. Akanijibu tena kwa Kiingereza, polepole, kama anayemwelekeza mgonjwa. Nikalipa, nikatoka. Ulikuwa mkate mweusi, mzito, mchachu kidogo, na niliula chumbani peke yangu.

Alikuwa na nia njema, hilo najua. Wengi wao Kiingereza wanakijua vizuri mno na wanaona wanakupunguzia mzigo. Lakini mimi mzigo ule nilikuwa nimeubeba miezi minane, nilitaka kuushusha mwenyewe.

Ndiyo maana siku zote nawaambieni, lugha ni mtu wa kukungoja umalize sentensi.

Baba yako alimpata wa kumngoja. Darasani hakuingia hata siku moja. Alikuwa na yule mzee wa Kijapani, mtaalamu wa mpunga, mliyekuwa mkimwita Babu Chekereni, walipokuwa wakifanya kazi pamoja kwenye skimu ya umwagiliaji ya Lower Moshi. Siku moja niliwapelekea chakula nikawakuta wamesimama kwenye tope. Mzee akang'oa shina akasema ine. Baba yako akasema mpunga. Mzee akatoa punje nyeupe mfukoni: kome. Mchele. Nilipofunua sufuria, mzee akaelekeza kidole: gohan! Na baba yako akapaza sauti: wali! Walicheka mpaka maji yakawatoka machoni. Kiingereza kina neno moja kwa vyote vitatu, na Kiswidi vilevile, ris, basi. Wale wawili walikuwa wamegundua kwamba wamelelewa na chakula kimoja.

Na ulimi wako Kijapani utakipenda. Irabu ni tano kama zetu: sakana ni samaki, kuruma ni gari, soma kama ilivyoandikwa. Neno mimi kwao ni sikio. Kwenye simu wanaanza na moshi moshi, ndiyo maana mkiwa wadogo mlidhani Wajapani wote wanaupigia mji wetu. Kitenzi nacho kinanyumbulika: taberu, taberareru, tabesaseru, kula, kuliwa, kulisha. Angalia urefu wa irabu tu, maana obasan ni shangazi na obaasan ni bibi.

Utakutana na hesabu za shule inayowafundisha lugha wanadiplomasia wa Marekani: Kijapani saa 2,200 za darasani, Kiswidi kwenye kundi jepesi kabisa. Zisikutishe. Wamempimia mtu aliyezaliwa na Kiingereza. Kiswahili chenyewe wamekipa saa nyingi kuliko Kiswidi, na wewe ulikinywa na maziwa.

Ila nisiwasingizie Waswidi. Kwenye nyumba niliyofikia alikuwapo bibi asiyejua Kiingereza. Alinionyesha picha za ukutani: huyu moster, huyu faster, yule morbror. Kumbe dada wa mama ana jina lake, shangazi lake na mjomba lake! Nilimweleza habari za shangazi yako wa Marangu kwa Kiswidi kibovu saa nzima, na kila neno alilingoja. Kwa hiyo wapo wanaongoja.

Na kungojwa peke yake hakutoshi, hilo nalo lazima niliseme. Kijapani kina herufi za hiragana 46, za katakana 46, kisha kanji, yaani alama za maneno, ambazo zile za matumizi ya kawaida kwenye orodha ya serikali yao ni 2,136. Baba yako aliongea na mzee yule miaka mitatu, lakini barua aliyoandikiwa baada ya mzee kurudi kwao hajaweza kuisoma. Kurasa mbili. Mtu mwingine amsomee hataki.

Hapa nilikuwa nimeandika jina la lugha moja, nimelikata. Bado linanitoka mdomoni, lakini mwaka ni wako na ada ni yako. Niambie kwanza unaye nani upande upi.

Daftari langu la Kiswidi nimempa kaka yako, atakuletea Ijumaa. Baba yako nilipomwambia umetaja Kijapani hakusema neno. Jioni nimekuta ameitoa ile barua kabatini, ameiweka mezani kando ya redio.

Mama yako