Vitone vyeusi ukutani na kwenye boti: maswali yenu

SWALI: Nyumba yangu ya mbao za saiprasi nimeipaka rangi ya krimu. Ukuta wa mbele umejaa vitone vyeusi kama lami, na boti ya faiba ninayoiegesha hapo kabla ya kuirudisha Naivasha imepatwa pia. Nimesugua kwa Jik mara tatu, wapi! Jirani asema ni kinyesi cha nzi. — Msomaji, Njoro

JIBU: Kinyesi cha nzi hutoka kwa kitambaa chenye maji. Ukungu wa kawaida hupauka dakika chache baada ya kudondoshewa Jik. Chako hakifanyi lolote kati ya hayo, basi kibandue kimoja kwa ukucha. Kikiwa kibonge cha mviringo, kipana milimita 1 au 2, kimegandamana na kinaacha alama ya kahawia, hiyo ni kuvu iitwayo Sphaerobolus.

Haioti ukutani. Inaota kwenye mbao zinazooza na kwenye samadi, kwa hiyo angalia chini ya maua: je, ulimwaga maranda au vipande vya mbao kutoka timboyadi? Kuvu yenyewe ni kikombe kidogo sana. Kikiiva, utando wa ndani hufyatuka na kurusha kibonge chenye mbegu hadi mita 6, kuelekea kwenye mwanga. Ndiyo maana ukuta wa krimu na boti nyeupe hushambuliwa kuliko vitu vyeusi. Kibonge hicho kina gundi kali mno, na Jik haina nguvu juu ya gundi. Ukiendelea kusugua nayo utaharibu rangi tu.

Funika sehemu hiyo kwa kitambaa kilicholowa maji ya vuguvugu yenye sabuni, dakika 10 hivi. Kisha kwangua kwa kadi ngumu ya plastiki, ukiilaza karibu na ukuta. Usitumie brashi ya waya wala stilwulu: hukwaruza faiba, na chembe za chuma zinazobaki hushika kutu. Alama ikibaki kwenye boti, isugue kwa kompaundi ile ya kung'arishia bodi za magari, halafu paka nta. Kwenye mbao, piga msasa namba 120, paka praima, ndipo rangi. Ukipaka rangi juu ya vibonge bila kuvitoa, vitabaki vinundu vinavyoonekana.

Fanya mapema. Kitone cha wiki hii hutoka kwa urahisi kuliko cha mwaka jana. Na kazi yote ni bure usipoyazoa yale maranda na kuweka kokoto mahali pake.

SWALI: Boti yetu ya kubeba watalii imefanya madoa meusi ndani na kwenye viti, hasa msimu wa mvua tunapoifunika kwa turubai. Tutumie nini? — Msomaji, Dunga, Kisumu

JIBU: Huo ni ukungu wa kawaida. Hauli faiba, unakula vumbi, mafuta na utelezi wa samaki uliobaki juu yake, kwa hiyo anzeni kwa kuosha kwa sabuni.

Ivuteni boti nchi kavu, mbali na maji, kwa sababu klorini huua samaki. Changanyeni Jik lita 1 na maji lita 4, vaeni glavu, pakeni kwa brashi laini kuanzia chini kwenda juu ili isiache michirizi. Iacheni dakika 10 bila kukauka, kisha suuzeni kwa maji mengi kutoka juu. Msiichanganye kamwe na siki wala dawa ya choo yenye asidi: hutoa gesi ya sumu inayounguza mapafu.

Viti na jaketi za uokoaji msivitie Jik, kwani huozesha nyuzi za mishono, na mshono wa jaketi si wa kuchezewa. Tumieni sabuni na siki isiyotiwa maji, mngoje dakika 20, msuuze, mwanike kivulini penye upepo. Madoa ya waridi kwenye viti vya plastiki laini yameshazama ndani. Hayo hayatoki, badilisheni kitambaa.

Turubai ndilo linalowaponza. Liinueni kwa mti katikati, muache wazi mbele na nyuma upepo upite. Inueni omo, yaani mbele ya boti, juu kidogo na mng'oe kizibo cha tezi, yaani nyuma, ili maji ya mvua yasilale ndani.