Sukari ya ORS si ya utamu

Mwanangu,

Ndaga fijo kwa mtandio. Uyole mwezi huu wa saba asubuhi mtu anaongea mvuke unamtoka. Nimefurahi mjukuu wangu ameanza kucheza.

Juzi uliniuliza kwenye simu kwa nini pakiti ya ORS, ile dawa ya mtoto anayeharisha, ina sukari, na kama unaweza kumchanganyia chumvi tupu, kwa kuwa sukari huharibu meno. Mtandao ukakata kabla sijajibu.

Usiitoe sukari. Chumvi tupu haitamfaa.

Ukuta wa utumbo una seli, na kila seli imezungukwa na utando wa mafuta. Chumvi haipenyi mafuta, glukosi, ndiyo sukari ya kwenye pakiti, nayo haipenyi. Huvushwa na protini zilizochomekwa kwenye huo utando, ndiyo milango yenyewe. Ninaoutaka mimi unaitwa SGLT1, nao una masharti: hupokea sodiamu mbili, ile ya kwenye chumvi, pamoja na glukosi moja, kisha hugeuka na kuziingiza zote kwa mpigo. Zikishaingia, maji hufuata. Mwanasayansi Robert Crane alilitoa wazo hili Prague mwaka 1960. Uzuri wake ni kwamba hata kipindupindu kikibana njia nyingine ya chumvi, mlango huu unaendelea na kazi. Kwa hiyo usione mtoto bado anaharisha ukadhani dawa imeshindwa, maji yanaingia.

Utauliza nguvu inatoka wapi. Ndani ya seli sodiamu ni chache kuliko nje, basi huteremka yenyewe, glukosi imejishikiza nyuma. Lori likiteremka Mlima Nyoka halitumii mafuta mengi. Mafuta huungua kulipandisha tena. Anayelipandisha ni pampu iliyo upande wa pili wa seli: kwa ATP moja, ndiyo mafuta ya seli, hutoa sodiamu 3 na kuingiza potasiamu 2. Jens Skou wa Denmark aliieleza mwaka 1957, Nobeli akaja kupewa 1997. Hata pensheni yangu haikuchelewa hivyo.

Ila usizidishe. Nikiwa muuguzi bado mbichi, niliongeza vijiko viwili vya sukari ili mtoto wa jirani anywe bila kulia. Akaharisha zaidi, na mama yake nilishindwa kumtazama machoni. Sukari ikizidi hubaki utumboni ikivuta maji kutoka mwilini. Soda nayo ni yale yale.

Pakiti moja, lita moja ya maji safi na salama. Usikadirie kwa jagi. Mnyweshe kidogo kidogo kwa kijiko. Akitapika, subiri dakika kumi uanze tena polepole. Yakipita saa 24 mwaga, changanya mengine. Vidonge vya zinki avimalize hata kama anarukaruka.

Ndizi nakutumia kwa basi la Jumamosi. Zina potasiamu, na zile za juu zimeshaanza kuiva, zitoe kwanza.

Mama yako