Mwanangu, anameza kwa upande gani?

Mwanangu,

Jambo huko Lubumbashi. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, mara ya tatu nikiwa karakana, nimeweka randa chini. Unasema mtoto ametimiza miaka mitatu na shingo bado haijakaza, kine, yule wa kunyoosha viungo, anakuja mara moja kwa juma, dawa ya kifafa mnaipata. Halafu unasema mama ya mtoto analia usiku akidhani umelala, na ukimuuliza anajibu hakuna kitu. Ukaniuliza: "Papa, nimsaidie namna gani?"

Nitakujibu, ila jibu linaanzia mahali panaponiuma. Wakati ule ulikuwa Kisangani kwa masomo, mengi hukuyaona.

Mwaka 2016 mama yako alianguka jikoni. Hospitali walimpima tansio, yaani shinikizo la damu, wakakuta 18 kwa 11, wakamlaza. Jioni ile nikarudi nyumbani, mdogo wako, aliyeumia ubongo kama mtoto wako, yuko kwenye mkeka, bakuli la uji wa soya mkononi mwangu, ndipo nikatambua kwamba sijui kumlisha mtoto wangu. Alikuwa na miaka 11. Nilijua bei ya dawa yake, bei ya pikipiki hadi kwa kine, bei ya viatu vyake. Sikujua anameza kwa upande gani. Nilimlaza kichwa nyuma kama anavyonyweshwa mtoto mchanga, nikamimina kijiko katikati ya ulimi. Alikohoa mpaka midomo ikabadilika rangi. Mama jirani alisikia, akaingia bila hodi, akamwinamisha mbele mpaka pumzi ikarudi. Usiku ule hakula tena, na mimi sikula.

Asubuhi nikaenda kumuuliza mama yako. Alikuwa na serumu mkononi. Alifunga macho akanieleza: umketishe wima, kidevu kiiname kidogo kuelekea kifuani, kijiko kidogo, kipitie shavu la kuume, huko ndiko ulimi wake una nguvu, ungoje uone koo limepanda likashuka, ndipo kijiko cha pili, akicheka, ungoje amalize kucheka, akishiba usimlaze hapo hapo. Kichwa kikilala nyuma chakula kinateleza kwenye njia ya hewa na kuishia mapafuni. Nikakumbuka zile nimonia zake, na namna nilivyokuwa nikilaumu baridi ya masika. Niliandika yote kwa kalamu ya seremala juu ya karatasi ya mfuko wa saruji. Karatasi hiyo bado ninayo.

Kisha akaniambia kwamba tangu mtoto azaliwe hajawahi kulala usiku mzima. Mara tatu kila usiku aliamka: kumgeuza ubavu ngozi isioze, kusikiliza kama kifafa kimekuja, kubadilisha shuka. Mimi nililala chumba hicho hicho. Alfajiri alikuwa anakwenda kuchota maji ya kufulia hizo shuka, bidoni mbili za litre 20, unajua maji ya Goma yalivyo, unajua mawe ya volkeno yanavyokata miguu. Na mimi ni fundi wa chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukuma mizigo. Karakana yangu ilikuwa na chukudu nne zimesimama ukutani zikingoja wanunuzi, na mke wangu anabeba maji kwa mgongo.

Kwa hiyo neno hilo, kumsaidia, liache. Anayesaidia anangoja kutumwa, na kutuma nako ni kazi: lazima mwenzako akumbuke, akueleze, kisha aangalie kama umefanya. Chukua kipande cha kazi kiwe chako kabisa. Anza na usiku. Usiku wa Ijumaa na wa Jumamosi uwe wako wote, na dawa zake, na shuka zake, na yeye alale chumba kingine ikiwezekana, mlango umefungwa. Majuma ya kwanza hatalala. Atakuwa anasikiliza kama unakosea. Mama yako alikaa karibu mwezi mzima hivyo, anaamka na kusimama mlangoni gizani bila kusema neno. Usikasirike. Amekuwa peke yake muda mrefu mno, na mwili wake haujui bado kwamba kuna mtu wa pili.

Kabla ya hapo mwambie akufundishe, na ujifunze mbele yake kwa mikono, si kwa kuangalia. Kulisha. Kunyanyua pia: upige goti moja, umlete mtoto karibu na kifua chako kwanza, ndipo usimame kwa nguvu za miguu. Mama yako aliinama kwa kiuno kwa miaka yote ile na leo mgongo wake hauwezi kuinua hata sufuria ya bugali. Mjukuu wangu ana kilo chache sasa, lakini hatabaki hivyo, na migongo yenu ni ile ile. Na kifafa kikija: mlaze ubavu, usimtie kitu chochote mdomoni, angalia saa; kikipita dakika 5, hospitali. Dawa isikatizwe ghafla hata kama amekaa miezi bila kuanguka. Ukijua hayo wewe peke yako, mke wako anaweza kwenda sokoni bila moyo kubaki nyumbani.

Kuna jambo jingine, na hili ndilo nililochelewa kulifanya kuliko yote. Shangazi yako mmoja alisema mbele ya watu, hapa hapa sebuleni, kwamba tumbo lililozaa mtoto yule limelogwa. Mama yako alinitazama. Mimi nikatazama chini. Nilidhani ninalinda amani ya familia. Miaka mingi baadaye aliniambia kwamba kunyamaza kwangu kulimchoma kuliko maneno yenyewe. Wewe ukisikia neno kama hilo, kwenye kilio, kwenye harusi, kwenye chumba cha maombi, jibu papo hapo na kwa sauti. Ubongo wa mtoto unaumia kwa sababu zinazojulikana: uchungu uliochukua muda mrefu mtoto akakosa hewa, manjano kali ya siku za kwanza, meninjiti, malaria iliyopanda kichwani, kuzaliwa kabla ya wakati. Hakuna mama anayefanya hayo kwa tumbo lake. Jibu hilo likitamkwa na mume, watu wanalisikia tofauti. Si haki, lakini ndivyo kulivyo kwetu, basi tumia sauti yako.

Sasa kuhusu kulia. Mama anayelia kwa uchovu anaweza kupona kwa usingizi na kwa mtu wa kuongea naye. Lakini ukiona hata usiku ambao mtoto ametulia yeye halali, chakula hakipiti, hataki kuona watu, au anasema afadhali nisingekuwepo, usiseme atazoea. Muulize waziwazi kama anawaza kujidhuru. Kumuuliza hakumpandii wazo hilo, kunamfungulia mlango. Mpeleke kwa daktari na ukae naye mle ndani. Ni ugonjwa, una matibabu. Kuomba tutaomba, mimi ninaomba kila alfajiri kwa majina yenu matatu, lakini hospitali isingoje maombi yaishe. Na tansio apimwe, hata kama ni kijana. Mama yako anakunywa kidonge chake kila siku, pamoja na siku anazojisikia mzima, maana tansio haipigi kelele.

Tulichopata baada ya ile hospitali hatukukipata kwa akili zangu. Kule Shirika la Umoja, kituo cha walemavu cha hapa Goma, waliniuliza kazi yangu, nikasema mbao. Wakanionyesha namna ya kupima kiti: nyonga, magoti na vifundo vya miguu vyote vikunjike kama kona ya meza, kigingi cha mbao katikati ya mapaja, meza ndogo mbele. Nilikichonga kwa siku mbili. Siku ya kwanza mdogo wako kukaa humo aliona mlango, aliona kuku, akapiga kelele ya furaha, na mama yako akaketi kando yake mikono mitupu kwenye mapaja. Sikuwahi kuiona mikono yake imetulia namna ile.

Halafu kulikuwa na akina mama wenzake, saba pamoja naye, kila mmoja na mtoto kama wetu. Walianzisha MUSO yao, chama cha kuweka akiba na kusaidiana. Sanduku la kijani ni la akiba na mikopo. Jekundu ni la msaada, franka zikiingia humo hazirudi kwa mwenyewe, zinamngoja atakayeuguliwa au kufiwa. Tangu benki zifunge milango hapa Januari 2025, sanduku hilo limelipa dawa zaidi ya mara moja. Lakini muulize mama yako, atakwambia hela si kitu cha kwanza. Jumamosi wawili wanabaki na watoto, watano wanatoka. Wanakwenda ziwani, wanasukana nywele. Mmoja alikuwa hajasukwa miaka minne.

Unakumbuka Mei 2021, volkeno ya Nyiragongo ilipolipuka. Tarehe 27 alfajiri waliamuru kartiye, yaani mitaa ya mji, 10 kati ya 18 zitoke, na kartiye yetu ya Majengo ikiwemo. Nilifunga kiti juu ya chukudu, mdogo wako akiwa ndani yake, tukasukuma hadi Sake. Tulifika jioni, uwanja wa kanisa umejaa. Mama yako alitandika kitenge akalala masaa matano, watu wakimpita pembeni, watoto wakilia. Nililisha, nikageuza, nikatoa dawa kwa mwanga wa simu. Alipoamka hakuuliza kama mtoto amekula.

Basi nenda kapime: kutoka kisigino hadi nyuma ya goti, kutoka hapo hadi makalio, upana wa nyonga, kutoka makalio hadi kwapani. Mtoto awe ameketishwa, mtu amshike, usimpime akiwa amelala. Nitumie namba hizo kabla ya Jumapili, nami nitakuchorea kiti, umpelekee fundi wa huko. Na Jumapili nikipiga, simu mpe mama ya mtoto kwanza. Mama yako anataka kumsikia, wao wawili peke yao, wewe shika mtoto.

Papa yako