Ulimi Haupimi Maji: Niliyojifunza kwa Bomba la Amu

Mwaka jana, kaskazi ikielekea ukingoni na masika bado hayajaanguka, mwanangu wa miaka mitatu aliharisha usiku kucha. Kufika alfajiri macho yalikuwa yameingia ndani, analia lakini machozi hayatoki. Tukambeba hospitali, akatundikiwa dripu, na siku ya tatu tukarudi naye nyumbani, mtaa wa Langoni, alhamdulillahi. Tulipokuwa kule daktari aliniuliza swali nililolijibu bila hata kufikiri: maji ya kunywa mwayatoa wapi? Nikamwambia ya bomba hatunywi kabisa, yana munyu, yaani chumvi. Sisi twanunua maji matamu.

Jibu lile ndilo lililokuwa ugonjwa wenyewe.

Hapa Amu, yaani Lamu, tumezoea kupima maji kwa ulimi. Mama mkwe wangu hufungua bomba, akakinga kiganja, akaonja, kisha akatoa hukumu: "Mai yana munyu yeo." Basi ndoo hiyo huenda kufulia na kuoshea. Yakija matamu huingia mtungini moja kwa moja, hakuna anayeuliza yametoka wapi wala yamepita wapi. Mie mwenyewe kwa miaka nilimlipa kijana mwenye punda madumu mawili kila siku, na sikuwahi kumfuata nione anakochota. Nilimfuata wiki ile mtoto aliporudi. Kisima kiko uani kwa watu, na maji yake ni matamu kweli, si uongo. Kifuniko ni ubao uliooza upande mmoja. Kamba ya ndoo imelala kwenye tope ambapo kuku wanaparura. Na ukigeuka tu, hatua kama nane hivi, pana mlango wa choo cha shimo.

Munyu na vijidudu ni mambo mawili, tena hayana udugu. Maji yanaweza kuwa na munyu mpaka chai isinyweke, na yasiwe na kijidudu hata kimoja. Yanaweza kuwa matamu kama ya dafu na ndani yake mna kipindupindu. Kinyesi kidogo tu kinachotosha kumlaza mtoto, ulimi haukionji na jicho halikioni. Wanaopima maji ya kunywa hutafuta kijidudu kiitwacho E. koli, ambacho makao yake ni matumbo ya watu na wanyama, na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni kwamba katika mililita 100 za maji kisipatikane hata kimoja. Kikipatikana, maana yake maji hayo yameonana na choo mahali fulani, yawe matamu yasiwe matamu.

Munyu nao nataka niueleze, kwa sababu wengi wetu hudhani ni watu wa maji wanatufanyia makusudi. Maji ya mji huu asili yake ni mvua iliyonyonywa na vilima vya mchanga vya Shela, kijiji jirani. Mchanga ule hauiachi mvua itiririke baharini. Huimeza, ikashuka polepole mpaka ikakutana na maji ya bahari yaliyopenya chini ya kisiwa. Maji ya mvua ni mepesi kidogo kuliko ya bahari, kwa hiyo huelea juu yake kama mafuta juu ya mchuzi. Hesabu ya wataalamu ni kwamba kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari hubeba chini yake takriban mita 40 za maji matamu. Igeuze hesabu hiyo uone inavyotisha: pampu zikivuta mpaka usawa wa maji matamu ukashuka mita 1, munyu hutafuta kupanda mita 40 kutoka chini. Ndiyo maana mwisho wa kaskazi, baada ya miezi ya ukame na nyumba za wageni zimejaa, bomba huwa chungu, na mvua za Aprili na Mei zikishapiga hurudi kupoa. Ndiyo maana pia kila jengo linalopandishwa juu ya vilima vile, na kila shimo la choo linalochimbwa mchangani mle, ni jambo letu sote hata sisi tusio na kiwanja Shela. Ukisikia kuna kikao kuhusu vilima vile, nenda ukakae mbele.

Basi kisima kile nikakiacha, nikarudi kwa bomba, nikidhani nimeokoka. Nikamwita fundi aangalie kwa nini maji yakirudi baada ya mgao huwa na rangi ya chai ya rangi kwa dakika kadhaa. Hakuingia hata ndani. Alisimama kichochoroni akaniita: "Dada, njoo uone mwenyewe."

Bomba letu lilipita juu ya ukuta wa nyumba ya jirani, likashuka, likavuka mfereji wa maji machafu, likaingia kwetu. Pale penye mfereji ndipo palipokuwa na kiungo. Kiungo kilikuwa kimefungwa kwa kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli, kimezungushwa mara nne au tano, na chini yake maji ya vyombo, ya sabuni, ya mavi ya punda, yanapita taratibu kuelekea baharini. Kiungo kinalowa ndani yake. Fundi akaweka kidole juu ya ule mpira, akasema maneno ambayo sijayasahau: "Yakiwamo, yatoka. Yakikatika, hunywa."

Nilimfanya anieleze tena. Maji yakiwa na nguvu ndani ya bomba, kila ufa huyatema nje, na uchafu hauwezi kuingia. Siku ya mgao, maji yakikatwa, bomba linabaki tupu kule juu, na maji yanayoteremka sehemu za chini huvuta nyuma yake. Ule ufa uliokuwa ukitema sasa unanyonya, na kilicho karibu nao ni mfereji. Maji yanaweza kuwa yametoka kwenye tangi la mji yakiwa salama kabisa, yakachafukia mita tatu kutoka mlangoni kwako. Na anayefunga pampu kuvuta moja kwa moja kwenye bomba la mtaa hufanya hivyo hivyo kwa nguvu zaidi. Hujazia tangi lake, na huko huko huwavutia majirani wote mfereji. Hilo naliomba kwa heshima kwa kila mwenye pampu hiyo: weka tangi la chini, bomba lilijaze lenyewe, pampu ivute kutoka hapo.

Kiungo tulichanga nyumba nne, tukabadilisha na kuinua bomba lipite juu ya mfereji. Ilichukua asubuhi moja. Kama kuna kitu kimoja utakachofanya baada ya kusoma haya, lifuate bomba lako kwa miguu kutoka mlangoni mpaka linapokutana na la mtaa, uangalie kila kiungo kimelala wapi.

Siku maji yanaporudi, ya mwanzo usiyatie kwenye tangi wala mtungi. Yaache yamwagike kwenye ndoo za choo na za kudekia mpaka yawe meupe na yapoe mkononi, ndipo ufungulie tangi. Na tangi lenyewe lifungue ulitazame. Mie la kwetu lilikuwa halijafunguliwa tangu liwekwe. Chini palikuwa na tope la unene wa kidole na mjusi aliyekauka. Sasa huoshwa kila miezi mitatu kwa brashi na klorini isiyo na manukato, likasuuzwa mpaka harufu itulie, na kifuniko hufungwa kwa waya kwa sababu upepo wa kusi hukibeba.

Wazee wetu walikuwa na birika, yaani matangi madogo ya maji ya kujengwa, kwenye vyoo vya nyumba za mawe, na ndani yake walifuga visamaki vidogo vile vya kula viluwiluwi vya mbu. Ni ujuzi ninaouheshimu sana. Lakini maji ya birika yalikuwa ya kuoga na kutawadhia. Ya kunywa yalikaa mbali, mtungini, yana kata yake na kifuniko chake. Sisi tumechanganya. Siku hizi ndoo ni moja, kikombe ni kimoja, na kila mtoto anayetoka kucheza anatumbukiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Unaweza kuchemsha maji saa nzima, ukayapoza, na mkono mmoja ukayarudisha yalikotoka. Kwetu nimeweka ndoo yenye koki, kifuniko hakifunguliwi ila wakati wa kutia maji. Wanaopenda ubaridi wa mtungi wa udongo, na mie ni mmoja wao, watumie kata yenye mkono mrefu inayoning'inizwa, isilale chini.

Kuhusu kuua vijidudu, njia ziko na hazina ugumu. Kuchemsha: yatokote sawasawa kwa dakika 1, kisha yafunikwe yapoe kwenye chombo hicho hicho. Mkaa ni ghali, najua, kwa hiyo siku nyingi natumia dawa ya klorini ya maji ya kunywa inayouzwa madukani. Fuata kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, koroga, na usinywe kabla ya nusu saa kupita. Maji yakiwa na ukungu yachuje kwanza kwa kitambaa safi cha pamba kilichokunjwa mara kadhaa, maana tope hula dawa. Na kama huna mkaa wala dawa, jua la Amu halinunuliwi: chupa angavu ya plastiki isiyozidi lita 2, maji yasiyo na ukungu, ilaze juu ya bati kwa muda wa saa 6 za jua kali, au siku 2 mfululizo mawingu yakitanda. Nilipoanza, watu wa nyumbani walilalamika kuhusu harufu ya klorini. Niliwaambia harufu hafifu ile ndiyo mlinzi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni kwamba maji yafike bombani yakiwa na angalau miligramu 0.2 za klorini kwa lita, ili yakikutana na uchafu njiani kuwe na kitu cha kupambana nao.

Ila hakuna hata moja kati ya hizo inayoondoa munyu. Hapa watu wengi wanakosea, tena kosa kubwa. Ukichemsha maji ya munyu, mvuke unaondoka na chumvi inabaki, yanazidi kuwa makali. Ndivyo ilivyo pia kwa naitreti, inayoingia visimani kutoka vyooni. Haina ladha, haina rangi, kuchemsha huizidisha, na kwa mtoto mchanga anayenyweshwa maziwa ya kopo ni hatari kwa sababu huizuia damu yake kubeba hewa. Kwa mtoto chini ya miezi sita, maziwa ya mama pekee, basi. Akilazimika kupewa ya kopo, usitumie maji ya kisima wala ya bomba la munyu. Na mzee mwenye presha asiambiwe tu apunguze chumvi kwenye mchuzi, huku anakunywa bilauri nane za munyu kwa siku.

Kwa hao wawili, mtoto mchanga na mzee, ndipo ninaponunua maji yaliyochujwa chumvi kwa mashine. Lakini nayo yana masharti. Mashine ile huondoa munyu na vijidudu, na klorini pia huondoka, kwa hiyo maji hayo hayana mlinzi tena. Yakitiwa kwenye mtungi wa lita 20 uliooshwa juujuu, vijidudu vitaota humo kwa raha. Niliomba kuona wanavyoosha mitungi. Duka la kwanza walikasirika. La pili walinikaribisha ndani, na ndiko ninakonunua.

Ukitaka kujua maji yako kwa hakika, yapimwe. Maafisa wa afya ya umma wa kaunti ndio wa kuwaendea, na mkienda nyumba kadhaa pamoja mnasikilizwa haraka kuliko mtu mmoja. Usichukue sampuli kwa chupa ya soda. Wanatoa chupa iliyosafishwa kwa namna maalumu, hukaa kwenye barafu na inatakiwa ifike maabara kabla ya saa 24 kupita. Omba matokeo kwa maandishi. Kile kijipimo cha umeme kinachotoa namba kwenye maji kinapima chumvi tu. Muuzaji akikuonyesha namba ndogo akakwambia maji ni salama, hajakwambia chochote kuhusu E. koli.

Na mtoto akiharisha, usingoje macho yaingie ndani kama nilivyongoja mie. Pakiti za dawa ya kuongeza maji mwilini ziwe kabatini siku zote. Zikikosekana, maji salama lita 1, sukari vijiko vidogo 6 vilivyosawazishwa, chumvi nusu kijiko kidogo, anyweshwe kidogo kidogo bila kukoma. Ila hapa kwetu angalia: usichanganye kwa maji ya munyu, utampa chumvi mara mbili na utamdhuru. Weka chupa mbili za maji matamu yaliyochemshwa kwa ajili hiyo tu. Akiendelea kunyonya au kula, mwache ale. Akilegea, akikauka mdomo, akikosa mkojo, au ukiona damu, mbebe usiku huo huo, usingoje asubuhi. Hospitali ulizia vidonge vya zinki, hupewa siku 10 hadi 14 na vinapunguza kuharisha.

Kesho ni siku ya maji mtaani kwetu. Ndoo tatu tupu nimeshazipanga chini ya bomba kwa ajili ya yale ya mwanzo, na kijana wa punda ameniahidi kwamba baada ya adhuhuri tutakwenda pamoja kwa mwenye kile kisima, nikamweleze habari ya ubao na kamba.