Tiki moja si hawara

"Shangazi, naandika huku nalia. Tuko kijijini, Kilombero. Tangu mpunga uanze kutoa masuke mume wangu kahamia shambani, na nikimpigia hapatikani. WhatsApp ni tiki moja kutwa nzima. Nina hakika ana mwanamke. Niliweka stetasi ya kawaida tu, mama mkwe akakasirika, sasa ukoo mzima haunisalimu. Rafiki yangu wa Facebook aliyeko Dodoma anasema niondoke. Nifanyeje? Mama Wawili."

Pole, Mama Wawili. Sasa futa machozi tuongee.

Tiki moja maana yake ujumbe haujafika. Kule dunguni, juu ya jukwaa la kufukuzia ndege, kuna soketi? Mwanamume kapanda tangu alfajiri anawapigia kelele kweleakwelea wasimalize mpunga mtakaokula wewe na wanao, simu pengine iko kwa mwenye sola inangoja zamu ya kuchajiwa, wewe umekaa unahesabu tiki!

Na hiyo "stetasi ya kawaida" mbona hukuniandikia maneno yake? Tiki umezitaja, maneno umeyaficha. Nabashiri mama mkwe wako ana kiswaswadu, hakuiona mwenyewe. Kuna wifi aliyeipiga skrinishoti akamsomea neno kwa neno huku wanachambua mchele. Yako imefutika baada ya saa 24. Ya wifi ipo.

Bibi zetu nao walirushiana vijembe kwa kanga, tena vikali. Lakini kanga ilinunuliwa, mtu alilala na hasira yake usiku kucha kabla duka halijafunguliwa, na akiulizwa alijibu, "Nimependa rangi tu." Nyie hasira na bando viko mkono mmoja. Mnagombana jikoni saa moja, saa mbili kijiji kizima kinajua nani kasusa chakula, na hao wanaokutumia makopakopa ndio wanaokucheka kisimani.

Mimi niko na mama mkwe wako. Nenda kamwombe radhi kwa miguu yako, si kwa stetasi nyingine. Kisha pika, funga chakula, umfuate mumeo shambani. Ukimkuta huyo mwanamke niandikie, nitahamia upande wako siku hiyo hiyo.

Ila huyo rafiki wa Dodoma hukusema ni mwanamke au mwanamume. Kwake tiki zinageuka bluu mapema, eti?