Nimestaafu, nataka kutoka ila naona aibu kwenda peke yangu

SWALI: Dada habari za kazi, mimi ni mama wa miaka 61, nimestaafu unesi mwaka juzi, mume wangu alishatangulia na watoto wote wana familia zao. Shida yangu sio ugonjwa wala hela, ni kwamba nimekaa nikagundua tangu niwe mtu mzima kila nikitoka nyumbani natoka kwa sababu kuna jambo, msiba, sendofu, kanisani, kikoba, kliniki ya presha, basi, yaani sijawahi kutoka kwa sababu tu nimependa. Sasa kuna vitu navitamani, nataka nipande hii treni ya umeme mpaka Moro nirudi, nataka nikakae baharini nile mihogo, na taarab naipenda tangu mdogo ila nimeishia kuisikia redioni tu. Nikamwambia binti yangu akacheka, eti mama na magoti hayo si utulie tu, na najua majirani watasema kapata kiinua mgongo sasa anatanua. Mashoga zangu nao kila nikiwaambia ni tutaenda tutaenda, mwaka umeisha. Mwenyewe naona aibu. Nianzeje? – Mstaafu, Tabata

JIBU: Dada yangu hongera kwa kazi uliyoifanya wodini, na ahsante kwa barua yako, maana hapo uliposema kila ukitoka ni kwa jambo nimeparudia mara mbili. Ndivyo tulivyo wengi. Tumezoea kutoka na bahasha ya mchango mkononi, sasa siku ukitoka bila bahasha unajiona kama umeiba muda wa mtu.

Hiyo aibu naijua vizuri. Nilipostaafu nilienda Coco Beach siku ya Jumanne saa 10 jioni, mwenyewe, nikaagiza mihogo na kachumbari, kijana wa pale akaniuliza mama unamsubiri mtu nikuletee kiti kingine, nikamwambia ndio anakuja, wakati hakuna mtu anayekuja, nikala haraka haraka nikaondoka. Wiki iliyofuata nikarudi, akaniuliza tena, nikamwambia nimekuja mwenyewe baba, akasema sawa mama akanisogezea kiti kivulini, ikaishia hapo hapo. Nilikaa mpaka jua linazama. Watu wana mambo yao dada, hawatuangalii kama tunavyodhani.

Kwa hiyo mashoga usiwasubiri. Tutaenda tutaenda haina tarehe. Wewe panga siku, kata tiketi, ndo uwaambie mimi Alhamisi naenda, anayetaka akate yake. Utashangaa mmoja atakuja.

Ila usianzie mbali, anza na pantoni. Nenda Magogoni siku ya kazi kwenye saa 4 asubuhi, watu wa kuwahi kazini wameshapita, mtembea kwa miguu nauli ni kama shilingi 200, unavuka na upepo wako unafika Kigamboni, unakunywa dafu, unarudi. Saa sita uko nyumbani na hakuna aliyejua. Fanya hivyo mara mbili tatu mpaka miguu izoee kutoka bila sababu.

Alafu treni. Hii ya Moro ilianza kubeba abiria Juni 2024 na Dodoma ikafuata Julai mwaka huo huo, nauli ya kawaida Dar–Moro ilianza kwa 13,000, safari ni kama saa mbili hivi. Kata ya kwenda na kurudi kabisa, usisahau kitambulisho na ufike mapema kwa sababu mizigo inakaguliwa. Kuhusu magoti usiogope, pale stesheni ya Dar kuna lifti, uliza tu mhudumu. Ikitoka mjini inapita juu darajani, unayaona mabati ya Ilala kwa chini, alafu Pugu, Soga, Ruvu, Ngerengere, na mwisho milima ya Uluguru inakuja yenyewe. Ukishuka chukua bajaji mpaka soko la Chifu Kingalu, nunua matunda, kula wali wako taratibu, rudi jioni.

Taarab ndo ina ugumu kidogo, maonyesho mengi ya Dar ni ya usiku sana na kurudi Tabata usiku huo mimi sikushauri. Bora ukajipe siku mbili Unguja, boti ni kama saa mbili, kule kuna vikundi vya taarab, Nadi Ikhwan Safaa ya tangu 1905 na Culture Musical Club ya 1958, ulizia wanapiga lini kabla hujakata boti. Beba noti ndogo ndogo za kumtunza mwimbaji, na wimbo ukikugusa inuka ukatunze, usione haya, taarab bila kutunza unakuwa umeisikia redioni tena. Na kama moyo unakwambia umechelewa, Siti binti Saad, yule mwimbaji wa taarab, alizaliwa Fumba kwenye mwaka 1880 hivi, na alienda Bombay kurekodi 1928. Hesabu mwenyewe.

Binti yako usimuombe ruhusa, mpe taarifa. Mwanangu Alhamisi naenda Moro, narudi jioni, simu ninayo, dawa zangu nimebeba. Kucheka kule ni hofu, anaogopa uanguke mahali yeye hayupo, ukirudi salama mara mbili atakuwa yeye anakuuliza mama wiki hii unaenda wapi.

Majirani nao waache, ila hapo kwenye kiinua mgongo nikwambie kitu kimoja na nakisema kwa uchungu kwa sababu nimeona wastaafu wenzetu wakilia. Hela ile haiishi kwa mihogo na nauli ya treni, inaisha kwa watu wanaokuja na fursa, mara mashamba, mara mkopo wa siku mbili tu. Kiasi ulichopata usimwambie mtu. Jiwekee cha kutokea kila mwezi, hata 30,000, kikiisha subiri mwezi ujao.

Siku ya treni omba siti ya dirishani.