Msimzike Mangi

Mhariri, swali lenu la wiki hii, "Je, biashara ya mtandaoni itayaua maduka ya mtaani?", limenigusa pabaya. Linaulizwa kila mwaka, na kila mwaka anayechimbiwa kaburi ni yuleyule Mangi, muuza duka la mtaani, ambaye hadi sasa hivi yupo pale kona anapima sukari robo. Tuwahesabu kwanza waliokufa kweli hapa Dar es Salaam, supamaketi na maduka makubwa. Shoprite iliondoka 2014, maduka yake yakachukuliwa na Nakumatt. Uchumi ikafunga 2015. Nakumatt nayo ikafuata. Game ya Mlimani City ikazima taa 2022. Wote walikuwa na viyoyozi, toroli na mashine za kusoma bei. Mangi hana hata kibao cha jina.

Na msidhani Mangi amebaki kama alivyokuwa. Tazameni anavyochanganya uwakala wa pesa na duka. Mwisho wa mwezi kila mtu anatoa: keshi inakauka, floti (salio la uwakala kwenye simu) inajaa. Wakala mwenye kibanda cha uwakala peke yake hapo amekwama, lazima akimbilie benki au kwa wakala mkuu na pale kwake aache foleni. Mangi anawatolea watu kwa keshi ya mauzo ya siku, halafu floti iliyojaa anaitumia kumlipa msambazaji wa soda na unga. Hela haijatoka dukani, mzigo umeingia. Ongeza umeme wa Luku, ongeza daftari la madeni. Programu ya simu itakayokuletea mafuta ya kupima ya mia tano saa mbili usiku, kwa mkopo, sijui ataitengeneza nani.

Ila kilichonifanya niandike hasa ni Novemba 2019, maana kila mjadala huu ukianza kuna mtu atasema "hata Jumia walishindwa", yaani ile kampuni kubwa ya kuuza mtandaoni. Ni kweli walifunga hapa mwezi huo, siku chache tu baada ya kufunga Kameruni, na mwaka huohuo walikuwa wameingia soko la hisa la New York. Walisema wanaelekeza nguvu kwenye masoko mengine, na kweli Kenya na Uganda walibaki. Watu wakahitimisha kwamba Mtanzania hajawa tayari kununua mtandaoni. Hitimisho hilo ni la kivivu. Ugumu upo kwenye hesabu ya oda moja, na hesabu hiyo inambana yeyote anayeuza kwa mtindo wa kulipwa mzigo ukifika, awe kampuni kubwa au binti mwenye simu moja.

Chukua blenda ya shilingi 60,000, mteja yupo Mbagala. Tuseme faida ya muuzaji ni 9,000 na boda ni 5,000. Ikipokelewa, kinabaki 4,000, na hapo bado hujagusa vocha, mfungashaji wala kodi ya stoo. Isipopokelewa, boda anadai chake cha kwenda na cha kurudi: 10,000 imeteketea. Boksi limerudi limechanika kona, sasa blenda inauzwa kwa punguzo. Yaani oda moja iliyokataliwa imekula faida ya oda mbili na nusu zilizofika salama. Zikikataliwa tatu katika kumi, zile saba zinakuletea 28,000 na hizi tatu zinaondoka na 30,000. Umefanya kazi wiki nzima na una deni la buku mbili.

Kwa nini zinakataliwa? Mara nyingi si ubaya wa mtu. Anwani ni "ukishuka Zakhem, ulizia msikiti". Operesheni ya Anwani za Makazi ya 2022 imebandika namba milangoni, lakini boda bado anapiga simu, na simu inapopigwa saa saba mchana mteja yupo kazini Posta. Dada wa nyumbani hana 60,000. Au aliagiza Jumatatu hela ikiwepo, mzigo umefika Alhamisi hela imeshakuwa ada ya mtoto. Au alipita Kariakoo akaikuta kwa 52,000. Hakusaini chochote, hakutanguliza chochote, kwa hiyo anazima simu. Nimelivuta sana suala hili, najua, lakini nani mwingine atawatetea wateja wa Mbagala?

Waliolijua jibu ni mawinga wa Kariakoo, wale wanaouza mtandaoni mali za maduka ya watu. Nauli ya boda inatangulia, bei ya mzigo utalipa mlangoni. Basi. Mtu aliyekwishatuma 5,000 anapokea simu, hata akiwa kwenye kikao. Wa mkoani analipa yote, na mzigo unaondoka kwa basi: unafungwa kwenye salfeti, jina, simu na mji vinaandikwa kwa maka pande mbili, kisha risiti, namba ya basi na namba ya kondakta vinapigwa picha na kutumwa WhatsApp gari halijatoka. Ukisahau namba ya kondakta, andaa maelezo, maana mzigo utapita Morogoro na kushushwa Dodoma.

Nilipofika hapa nikaanza kubishana na hoja yangu mwenyewe. Winga hana fremu, yaani chumba cha duka. Anapiga picha kiatu cha mwenye duka, anakiweka kwenye ukurasa wake, oda ikija anakwenda kukichukua kwa bei ya jumla na kuongeza cha juu. Mwenye duka kalipa dalali, pengine na kilemba (malipo ya kuachiwa fremu), kalipa kodi ya miezi sita au mwaka mzima mapema, kaweka vioo na taa, na amegeuka stoo ya winga. Wateja wanamjua winga, si yeye. Siku winga akipata bei nzuri kwa jirani, anahama nao wote. Huyo mwenye duka ndiye ningemhurumia, wala si Mangi.

Anaweza kujiokoa, ila kazi yake ni ya kuchosha. Aandike bei kwenye picha. Hii ya "bei inbox" inafukuza watu kuliko bei yenyewe. Viatu viuzwe kwa sentimita: mteja akanyage karatasi sakafuni kisigino kikigusa ukuta, apime kisigino hadi kidole kirefu, jioni maana mguu huvimba mchana. Kwa viatu vya China, sentimita mara mbili toa kumi: mguu wa 26 ni namba 42. Ukimuuliza "unavaa ngapi?" atakutajia namba ya raba aliyopewa na shemeji yake, na kiatu kitarudi. Kila pea ipewe namba, na ikishauzwa dukani tangazo lishushwe saa hiyohiyo, maana hakuna kinachoua ukurasa haraka kama "samahani, imeisha" baada ya hela kutumwa. Malipo yaingie kwenye Lipa Namba ya duka, ambapo mteja anaona jina la biashara kabla hajathibitisha. Na kijana wa kaunta aangalie salio, asiridhike na meseji anayoonyeshwa. Meseji feki inatengenezwa na mtu yeyote.

Sasa, baada ya kumtetea Mangi kote huko, jibu langu si lile nililokaa kuliandika. Mwenye mtaji wa milioni tano anayetaka kuuza viatu au nguo za kike leo, nisingemshauri achukue fremu ya chini Kariakoo. Achukue chumba ghorofa ya tatu kwa kodi nafuu, rafu, mwanga mzuri wa dirishani na boda wawili anaowaamini, zile fedha za vioo ziende kwenye mzigo. Ushauri huu usiuhamishie kwenye spea za magari: fundi anakuja na kifaa kibovu mkononi na anataka kukilinganisha hapohapo. Wala kwenye mabati na saruji, ambako usafiri ni sehemu kubwa ya bei na duka la karibu ndilo linaloshinda.

Na kama wateja wake ni wafanyabiashara wa Mbeya au Lubumbashi wanaochukua kwa jumla, basi nafuta hata hilo la ghorofa ya tatu. Mtu anayetuma milioni nane anataka ndugu yake apite aone mlango, leseni ukutani na majirani wanaomfahamu mwenye duka. Muuzaji wa namna hiyo ataendelea kulipa fremu ya chini, na kwa kodi za Kariakoo atalipa ghali.